Google Maps, OsmAnd au Organic Maps: ipi inaijua barabara ya Matamba?

Mwezi wa tatu, asubuhi na mapema, nilikuwa Chimala nimesimama pembeni ya Kenta tupu nikimsubiri utingo amalize chai yake na chapati. Tulikuwa tunapanda Matamba kuchukua viazi. Nikafungua programu ya ramani kwenye simu, ikaniandikia dakika 45. Nikamwonyesha dereva, mzee ambaye milima hii ameipanda tangu mimi niko shule ya msingi. Akaitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, hiyo simu imeshawahi kupanda Hamsini na Saba?"

Hamsini na Saba ndilo jina ambalo watu wameupa mlima ule, kwa hesabu ya kona zake kuanzia bondeni Chimala hadi juu unakoshika uwanda wa Kitulo. Ilikuwa masika. Tulipanda kwa gia ya kwanza na ya pili, utingo akashuka mara mbili kuweka jiwe nyuma ya tairi, na tukaingia Matamba baada ya saa tatu hivi. Simu njia nzima ilikuwa inaongeza dakika mojamoja, kama mdaiwa anayelipa kidogokidogo ili usimfokee.

Programu yenyewe siitaji, kwa sababu nimeshaona nyingine zikikosea vilevile kwenye vipande vingine. Tangu siku ile nimekuwa nikizifungua kadhaa kwa pamoja kila ninapopanga safari: za viazi, za mahindi, na mara moja ya wageni waliotaka kuona maua ya Kitulo. Ninayoandika hapa ni ya mtu wa Mbeya, Njombe au Iringa ambaye anataka kujua aamini ipi, na aiamini wapi.

Dakika zinatoka wapi

Programu inagawa umbali kwa mwendo, basi. Kwenye umbali programu huwa hazitofautiani sana, maana barabara ikishachorwa urefu wake unajulikana. Ugomvi wote uko kwenye mwendo, na mwendo unapatikana kwa njia mbili: kuupima au kuukisia.

Google Maps, iliyoanza mwaka 2005, inapima pale inapoweza. Simu zilizowasha huduma ya mahali zinatuma zilipo, Google inazijumlisha bila majina, inaona zinakwenda kasi gani kwenye kila kipande cha barabara, saa hii na wiki zilizopita. Mwezi wa pili mwaka 2020 msanii mmoja wa Berlin, Simon Weckert, alionyesha video ya alivyojaza simu 99 kwenye mkokoteni akaukokota taratibu kwenye mitaa iliyokuwa haina magari. Ramani ikapaka mitaa ile rangi nyekundu ya foleni. Hapo hakuna aliyedukua kitu. Simu zilikwenda polepole, kwa hiyo barabara ikahesabiwa kuwa ya polepole.

Kwa barabara kuu ya kwetu utaratibu huo ni neema. Kati ya Tunduma na Iringa kuna malori ya Zambia na Kongo mchana na usiku, kuna mabasi yenye abiria hamsini na zaidi, na simu mifukoni mwa wengi wao. Mlima Kitonga hauhitaji mtu wa kuieleza Google kwamba ni mkali. Simu zikitambaa pale kila siku, hesabu inajirekebisha yenyewe.

Shida inaanza unapoiacha lami. Barabara inayopitwa na magari manne kwa siku haitoi vipimo vya kutosha, na hapo Google nayo inarudi kwenye kukisia kama wenzake, kwa kutazama aina ya barabara na kiwango cha mwendo kinachoruhusiwa. Tena tatizo la barabara za vijijini ni kwamba wengi wanaopita ni bodaboda. Wakati wa ule mkasa wa mkokoteni Google ilisema kwamba katika baadhi ya nchi, India, Indonesia na Misri zikiwemo, inaweza kutofautisha gari na pikipiki. Mahali ambapo vipimo vinachanganywa, bodaboda anayekwepa mashimo kwa kasi ya 40 atakufanya uamini kwamba Kenta yenye magunia themanini nayo inaweza.

Waze, ambayo Google iliinunua mwaka 2013, inategemea zaidi watu kuripoti wenyewe. Kwa Dar es Salaam sawa. Huku kwetu sijaona sababu ya kuiwekea nafasi kwenye simu.

Cheo si hali

OsmAnd na Organic Maps hazipimi. Zote mbili zinachota kwenye OpenStreetMap, ramani ya kujitolea iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Kila barabara humo ina lebo. Lebo ya kwanza ni ya daraja: barabara kuu, ya daraja la kwanza, la pili, la tatu, "isiyo na daraja", ya makazi, njia ya shamba. Hiyo "isiyo na daraja" isikuchanganye. Si kwamba mchoraji alishindwa kujua. Ni daraja kamili, limerithiwa kutoka mfumo wa Uingereza, na maana yake ni barabara ndogo ya umma iliyo chini ya la tatu.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonipeleka Matamba kwa saa tatu. Daraja linasema barabara inaunganisha nini na nini. Halisemi kitu kuhusu jinsi inavyopitika. Kwetu sisi si jambo geni: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 nayo inagawa kwa namna hiyohiyo. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, leo zinasimamiwa na TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Barabara inayounganisha makao makuu ya mkoa na ya wilaya ni ya mkoa hata kama ina vumbi la kufika kifundoni. Ni cheo. Na wachoraji wa OpenStreetMap barani Afrika wamekubaliana kufuata hivyo, kupanga madaraja kwa umuhimu wa barabara na si kwa uso wake, yaani kama ni lami au vumbi, kwa sababu wangefuata uso, nusu ya barabara kuu za bara zima zingeonekana kama vichochoro.

Uamuzi ni sahihi kwa ramani. Kwa dakika ni mtego, kwa sababu programu nyingi zinaanza kukisia mwendo kutokana na cheo.

Ili uone kwa macho, nenda kwenye tovuti ya OpenStreetMap kupitia kivinjari, bonyeza sehemu ya maelekezo ya njia, utaona unaweza kuchagua injini kadhaa za kupigia hesabu, zikiwemo OSRM, GraphHopper na Valhalla. Mbili za mwanzo zinatumia namba zilizo wazi ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Nimechukua barabara moja ya kufikirika ya kilomita 40, nikaivisha lebo tofauti, na hivi ndivyo namba zao za kuanzia zinavyotoa kwa gari dogo:

| Lebo ya barabara ileile | OSRM | GraphHopper |
|---|---|---|
| Daraja la pili, uso haukuandikwa | 55 kwa saa, dakika 44 | 60 kwa saa, dakika 40 |
| Daraja la pili, uso "haina lami" | 40 kwa saa, saa 1 | 30 kwa saa, saa 1 na dakika 20 |
| Daraja la tatu, uso haukuandikwa | 40 kwa saa, saa 1 | 50 kwa saa, dakika 48 |
| Isiyo na daraja, uso haukuandikwa | 25 kwa saa, saa 1 na dakika 36 | 30 kwa saa, saa 1 na dakika 20 |
| Njia ya shamba | haipitishi gari kabisa | 15 kwa saa, saa 2 na dakika 40 |

Barabara ni moja, mashimo ni yaleyale. Kati ya dakika 40 na saa 2 na dakika 40 kumebadilika maandishi tu.

Ukiongeza lebo ya tatu, ile ya ubora wa uso, OSRM inashuka zaidi. Ukiandika "mbaya" inaikata hadi 40, "mbaya sana" hadi 20, "ya kutisha" hadi 10. Kwa hiyo barabara yetu ya daraja la pili yenye "mbaya sana" inatoka dakika 44 na kuwa saa mbili kamili, na hapo ndipo inaanza kufanana na maisha. Ila lazima awepo mtu aliyeandika.

Nani aandike? Barabara nyingi za vijiji vyetu zimeingia kwenye ramani kwa watu kukaa mbele ya kompyuta, mara nyingi nje ya nchi, wakifuatisha mistari kwenye picha za setilaiti. Kazi kubwa na ya shukrani. Miradi kama Crowd2Map imejaza vijiji vya Tanzania ambavyo kabla ya hapo vilikuwa karatasi nyeupe. Lakini kwenye picha ya setilaiti mstari wa kahawia ni mstari wa kahawia. Huwezi kujua kama ni changarawe iliyopigwa greda mwezi uliopita au ni udongo mwekundu unaogeuka sabuni mvua ikinyesha. Mchoraji mwaminifu anaacha uso wazi, na programu ikikuta pawazi inachukua cheo.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Mchoraji akiona mstari mwembamba unapita kati ya mashamba anaweza kuuita njia ya shamba, wakati kwa kweli ndiyo barabara pekee ya kijiji na Noah inapita kila Jumanne kwenda mnadani. Hapo OSRM kwa gari itakigeuza kijiji kizima kuwa kisiwa: itakupeleka mpaka barabara ya karibu inayoijua, halafu ikuambie umefika.

OsmAnd au Organic Maps

Hapa ndipo wengi wanaponiuliza, kwa hiyo nikae kidogo. Zote mbili unapakua ramani mara moja na kutembea bila bando, jambo ambalo ukishapita Kikondo unalishukuru. Zote mbili hazikuonyeshi foleni. Na zote zina kitufe cha kukwepa barabara zisizo na lami, ambacho kwa upande wetu ukikiwasha utazungushwa sana, au uambiwe njia ile ile tu kwa sababu nyingine haipo.

Organic Maps ndiyo ninayompa mama mkwe. Ni nyepesi, haina matangazo, haifuatilii mtu, unafungua, unaandika Tukuyu, unakwenda. Ilizaliwa kutoka kwenye programu ya zamani ya Maps.me. Katika kukisia mwendo, haitazami cheo peke yake. Inagawa nyuso kwenye mafungu manne: lami nzuri, lami mbovu, vumbi zuri, vumbi baya. Kwa barabara ambayo lebo zake zimejazwa, dakika zake si za kubezwa. Tatizo lake ni kwamba haikuonyeshi ilivyofikia jibu. Ikikuambia saa moja, hujui kama ni saa moja ya kujua au ya kubahatisha.

OsmAnd ni kinyume chake. Menyu zake ni kama dukani kwa fundi wa redio, kila pahali kuna waya. Toleo la bure la kwenye duka la Google lina ukomo wa idadi ya ramani unazopakua, na siku ya kwanza nilitaka kuifuta. Nilichobakia nacho ni ukurasa wake wa maelezo ya njia. Ukishapanga safari, ukiufungua unaona mistari ya rangi: kilomita ngapi ni za barabara kuu, ngapi za daraja la tatu, kilomita ngapi ni lami, ngapi changarawe, ngapi udongo, na ngapi uso wake haujulikani, na mwinuko, mlima kwa mlima. Hicho kipande cha "haujulikani" ndicho kipimo changu. Njia ya kilomita 60 ikiwa na 50 zisizojulikana uso, dakika zake nazitupa na kumpigia simu mtu wa huko.

OsmAnd pia inakuruhusu kuweka mwendo wa kawaida wa chombo chako. Mimi nimetengeneza wasifu wa Kenta yenye mzigo na mwingine wa gari dogo. Si dawa, lakini angalau Kenta yangu haikimbii tena kama Prado.

Kwa kifupi cha dukani: kama unataka kitu cha kufungua na kwenda, Organic Maps. Kama unapanga mizigo na kila saa ni pesa ya mtu, vumilia OsmAnd.

Yasiyojulikana na hata moja

Mteremko. Injini za magari zinazokisia kwa kawaida hazipunguzi mwendo kwa sababu ya mlima. OSRM kwa gari haitazami mwinuko kabisa. Kwa nchi tambarare haina madhara. Kwa nchi ambayo Uyole kwenda Isyonje tu masikio yanaziba, ni kosa la kila siku. OsmAnd itakuchorea mlima, lakini usitegemee kwamba dakika za gari nazo zimeupanda.

Mfano mzuri ni Ludewa. Kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kama kilomita 50, kimemwagwa zege kwa sababu ya ukungu, mvua na milima ya kule. Kwa programu, zege ni uso wa heshima kama lami na haulipunguzii gari hata kilomita moja. Ni kweli hutanasa. Lakini dereva wa Fuso aliyebeba mbao kutoka kule hatakuambia kwamba alikuwa anatembea 55.

Sheria na matuta. Gari la zaidi ya tani 3.5 mwisho wake ni 80, na kwenye makazi kila mtu 50. Tazama sasa: namba ya OSRM kwa barabara kuu ni 85. Mbeya hadi Iringa, kilomita kama 330, ukiipigia 85 mfululizo unapata saa 3 na dakika 53. Ndiyo kusema hesabu imeshavunja sheria ya lori kabla hujawasha injini. Ambapo mchoraji ameandika kiwango cha mwendo, inashuka. OSRM hata inachukua asilimia 80 tu ya kiwango, kwa hiyo 50 inakuwa 40, ambayo ni busara. Ambapo hakuandika, Igawa, Chimala na Igurusi zinapitwa kama vile hakuna watoto wa shule wala rasta barabarani. Mimi na Kenta hiyo safari sijawahi kuimaliza chini ya saa sita, mzani wa Makambako ukiwemo. Na mzani wenyewe hakuna programu inayouhesabu kwa namna ninayoijua mimi, yaani kukaa nyuma ya malori kumi na mawili huku unahesabu mawingu.

Msimu. Mvua za huku zinashika kuanzia mwezi wa kumi na moja na kuachia kuelekea mwezi wa tano. Lebo ya uso ni ileile mwaka mzima. Historia ya Google ingeweza kusaidia, kama kuna simu za kutosha zinazopita. Lakini barabara ikishakuwa tope watu hawapiti, na pasipopita mtu hakuna kipimo cha kusema ni mbaya. Kwa hiyo kipindi unachohitaji kuonywa zaidi ndicho ambacho ushahidi unapungua.

Njia kwa njia

Tunduma, Mbeya, Makambako, Iringa, mpaka Kitonga: Google Maps, na uwe na bando. Hapa vipimo vinashinda makisio kwa mbali, hasa sasa ambapo upanuzi wa barabara kuelekea Songwe umeleta michepuko na foleni za ghafla ambazo ramani ya kupakua haiwezi kuziona. Ukiipakua Google kwa matumizi ya bila mtandao kumbuka kwamba utabaki na maelekezo ya gari tu, foleni hutaziona, na hapo ubora wake mkubwa umeuacha nyumbani.

Uyole, Tukuyu, Kyela hadi Kasumulu ni hivyohivyo. Lami, magari mengi, Google. Ongeza muda wa kona na wa ndizi. Usipozisimamia pale Kiwira, nyumbani utajieleza.

Iringa mjini kwenda Dodoma kupitia Mtera, yoyote itakufaa.

Njombe kwenda Makete, angalia umri wa ramani uliyopakua. Lami imeshafika Makete kutokea Njombe, na mtu ambaye ramani yake ya simu ni ya miaka mingi iliyopita bado anaambiwa ni vumbi, au anapelekwa njia nyingine kwa kukwepa vumbi ambalo halipo. Ramani za OsmAnd hutoka upya kila mwezi. Kupakua upya ni kazi ya dakika chache ukiwa kwenye wifi ya mtu.

Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha, zaidi ya kilomita 100 na sehemu kubwa imekuwa vumbi kwa miaka: OsmAnd, ukitazama kipande cha uso, na muulize aliyepita wiki hiyo.

Kitulo na Matamba ndiyo kesi yenyewe. Kutoka Mbeya una njia mbili. Unaweza kwenda Chimala kwa lami, kama kilomita 78, halafu upande Hamsini na Saba. Au unakata Isyonje kwenye barabara ya Tukuyu, unapanda kwa Kikondo na kupita uwandani. Programu inayotazama cheo na urefu itapenda ya Chimala, kwa sababu kipande kikubwa chake ni barabara kuu na mlima wenyewe kwenye ramani ni mfupi. Kwa gari dogo la wageni, kiangazi, wala si uongo, na mandhari ya kule juu ukiangalia bonde la Usangu ni ya kusimamisha gari. Kwa mzigo, au mvua ikiwa imenyesha usiku, mimi sasa napanda Isyonje, hata kama simu inanionyesha nusu saa zaidi. Ile nusu saa nimeshailipa mara nyingi kwa upande mwingine.

Wageni wangu wa maua, kwa kumbukumbu, niliwapitisha Isyonje kwenda na Chimala kurudi. Mmoja alifumba macho kuanzia kona ya kwanza na kuniuliza kila dakika tumebakiza ngapi. Nikawa namhesabia kutoka 57 kushuka.

Kujaza lebo mwenyewe

Kuna programu ya Android inaitwa StreetComplete. Unatembea nayo, inakuuliza maswali kuhusu kile kilicho mbele yako: barabara hii uso wake ni nini, lami, changarawe, udongo? Unagusa picha, jibu linaingia OpenStreetMap, na baada ya muda OsmAnd na Organic Maps zote zinalipata. Google nayo inapokea marekebisho, ila huko unapendekeza na kusubiri.

Tulipofika Matamba siku ile ya saa tatu, wakati magunia yanapakiwa, nikakaa na mzee kwenye kivuli tukaijaza barabara ya Hamsini na Saba. Uso ulikuwa rahisi. Tukafika kwenye ubora. Viwango vyake vimepangwa kwa chombo gani kinapita: "mbaya" bado gari la kawaida linapita kwa taabu, "mbaya sana" inataka gari lililoinuka, "ya kutisha" inataka gari la porini hasa, na mwisho kabisa haipitiki na chochote chenye tairi.

"Sasa unataka niseme ipi?" mzee akauliza. "Mwezi wa nane hii mbaya tu, hata Noah inakuja. Leo umeiona mwenyewe. Andika zote mbili."

Nikamwambia kisanduku ni kimoja.

Akafikiri, akatema kipande cha muwa. "Basi andika ya leo. Atakayekuja mwezi wa nane akiwahi kufika, hatatulalamikia."

Nikagusa "mbaya sana".